Shule ya Kurasini: Wanafunzi wa Msumbiji Dar es Salaam Wakati wa Vita vya Ukombozi

Kuanzia mwaka 1963 hadi 1968, Kurasini, jirani na bandari ya Dar es Salaam katika eneo ambalo leo limo ndani ya Wilaya ya Temeke, palikuwa na shule ya vijana waliokimbia utawala wa Wareno. Ilijulikana kama Taasisi ya Msumbiji, na iliendeshwa kwa ajili ya chama cha ukombozi cha FRELIMO. Wanafunzi wake wengi walikuwa wameacha wazazi na kuvuka mpaka kwa siri ili wapate elimu waliyonyimwa kwao. Walipokaribia kumaliza masomo waliambiwa kwamba vita vinawahitaji kabla ya chuo kikuu. Wako waliokubali na wako waliokataa, na ubishi wao ulikua hadi shule ikafungwa milango Machi 1968. Historia ya shule hiyo ni sehemu ya historia ya Temeke na Kinondoni, ingawa katika maeneo hayo yenyewe husimuliwa mara chache mno.

Ili kuelewa kwa nini kijana alikuwa tayari kutembea mamia ya maili kufuata darasa, ni lazima kutazama hali ya shule Msumbiji wakati huo. Baada ya mkataba wa mwaka 1940 kati ya Ureno na Vatikani, elimu ya Waafrika ilikabidhiwa misheni za Kikatoliki. Mtoto wa kijijini alifundishwa Kireno kidogo, katekisimu na kazi za mikono, na wengi waliishia hapo. Waliofika sekondari walikuwa wachache kiasi kwamba mji mzima ungeweza kuwataja kwa majina. Sheria za umri zilimbana aliyechelewa kuanza, ada zilimbana maskini, na aliyefaulu kupita vikwazo hivyo alitazamwa na polisi wa siri kama mtu wa kuchungwa. Zaidi ya watu 9 katika kila 10 hawakujua kusoma wala kuandika. Hali hiyo ilitokana na mfumo uliohitaji vibarua wa mashamba ya pamba na migodi, wala haukuwa na haja ya madaktari au wahandisi weusi.

Ng'ambo ya mto Ruvuma mambo yalikuwa yakibadilika. Tanganyika ilipata uhuru Desemba 9, 1961, na mwaka uliofuata, Juni 25, 1962, vyama vitatu vya Wamsumbiji waliokuwa uhamishoni viliungana Dar es Salaam na kuunda FRELIMO. Rais wake wa kwanza alikuwa Eduardo Mondlane, msomi aliyezaliwa mwaka 1920, aliyepata shahada ya udaktari Marekani, akafanya kazi Umoja wa Mataifa na kufundisha katika Chuo Kikuu cha Syracuse. Mei 1963 Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliunda Kamati ya Ukombozi na makao yake yakawekwa Dar es Salaam. Tangu hapo mji ulijaa wapigania uhuru kutoka Angola, Rhodesia, Afrika Kusini, Namibia na Msumbiji. Ofisi zao zilikuwa katikati ya mji. Ile ya FRELIMO ilikuwa Mtaa wa Nkrumah. Ila watu walilala, wakapika na kulea watoto pembeni mwa mji.

Wamsumbiji hawakuwa wageni kabisa huko. Wamakonde na watu wengine wa kusini walikuwa wamevuka Ruvuma kwa miongo mingi kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge na bandarini. Mkimbizi aliyefika kutoka Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, aliweza kusikia lugha ya mama yake mtaani. Aliyetoka Lourenço Marques (leo Maputo) au Inhambane, mbali kusini, alijikuta hajui Kiswahili wala Kiingereza, na Kireno chake hakikumfaa sokoni. Tofauti hiyo baadaye ilikuja kuwa na uzito.

Taasisi ilianzishwa na kuongozwa na Janet Mondlane, Mmarekani aliyeolewa na Eduardo Mondlane mwaka 1956. Kwanza ilikuwa makazi tu: mahali pa kijana kulala na kula wakati akitafutiwa shule. Kisha ikawa na madarasa yake. Fedha za kuanzia zilitoka kwa Ford Foundation ya Marekani, lakini Ureno, iliyokuwa mwanachama wa NATO pamoja na Marekani, ililalamika vikali, na ufadhili huo haukuendelea. Pengo lilizibwa zaidi na nchi za Skandinavia, Sweden ikianza mwaka 1965, pamoja na makanisa na vikundi vya mshikamano vya Ulaya. Misaada hiyo ilitolewa kwa shule, si kwa jeshi, na wafadhili walisisitiza tofauti hiyo. Kwa FRELIMO mstari kati ya shule na jeshi haukuwa mnene hivyo, na kwa kweli haukuweza kuwa.

Kufikia katikati ya muongo huo shule ilikuwa na wanafunzi zaidi ya mia moja wa sekondari, wasichana wakiwa wachache kuliko wavulana. Palikuwa na mafunzo ya uuguzi pia, kwa sababu hospitali za msituni zilihitaji mtu wa kusafisha jeraha na kupima dozi. Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa ya kupata vitabu. Vile vya Wareno vilieleza historia ya Msumbiji kama historia ya manahodha wa Kireno, kwa hiyo walimu walilazimika kuandika masomo mapya, kuyapiga chapa na kuyagawa. Kutoka Kurasini masomo hayo yalipelekwa pia katika shule ya msingi ya FRELIMO iliyokuwa Tunduru, na hatimaye ndani ya Msumbiji kwenyewe.

Baadhi ya walimu walikuwa Wamsumbiji weupe wa asili ya Kireno waliokuwa wameasi utawala wa Lisbon, kama daktari Hélder Martins, Fernando Ganhão na Jacinto Veloso, rubani aliyekuwa ametoroka na ndege ya jeshi la Ureno. Mondlane na wenzake waliliona jambo hilo kuwa ushahidi kwamba vita vyao vilikuwa dhidi ya mfumo, wala si dhidi ya rangi. Wanafunzi wengi hawakuliona hivyo. Mtoto aliyepigwa viboko na Mreno shuleni kwao, kisha akatembea hadi nchi huru ya Waafrika, alihitaji zaidi ya maelezo ya itikadi ili akubali kufundishwa na mtu mwenye lafudhi ileile.

Vita vya silaha vilianza Septemba 25, 1964 huko Chai, Cabo Delgado. Tangu siku hiyo maana ya kumaliza shule ilibadilika. Wapiganaji wengi walikuwa wakulima wasiojua kusoma, na jeshi la msituni lilihitaji mtu wa kusoma ramani, kuendesha redio, kuandika ripoti, kuhesabu risasi na magunia ya mahindi. Pia, maeneo yalipokombolewa, yalihitaji walimu mara moja. Mondlane mwenyewe aliandika kwamba kufikia mwaka 1966 watoto wapatao 10,000 walikuwa wakisoma katika shule za FRELIMO ndani ya nchi. Nani angewafundisha? Kijana mwenye miaka minne au mitano ya sekondari alikuwa hazina isiyopatikana popote pengine.

Papo hapo barua za ufadhili wa masomo zilikuwa zikifika Dar es Salaam kutoka Marekani, Ulaya Magharibi, Umoja wa Kisovyeti na nchi nyingine za kambi ya kisoshalisti. Wamsumbiji wa kwanza waliofika Tanzania walikuwa wamepelekwa vyuoni ng'ambo bila maswali mengi, na baadhi yao hawakurudi. Uongozi ulitazama nyuma ukaona kosa. Wanafunzi wa Kurasini walitazama nyuma hukohuko wakaona ahadi. Kaka zao wamekwenda. Wao, waliokuja baadaye kwa njia hiyohiyo na kwa matumaini hayohayo, wanaambiwa watumikie kwanza msituni kama askari au walimu, na chuo kije baadaye ikiwa bado wako hai. Sera iliyotolewa ilikuwa na mantiki ya vita. Lakini ilitolewa kwa watu waliokuwa wamekwisha kulipa gharama ya safari wakiamini jambo tofauti.

Wako waliochagua vita kwa hiari, na mfano unaojulikana zaidi ni Josina Muthemba. Alizaliwa Agosti 10, 1945 katika mkoa wa Inhambane, akasoma sekondari Lourenço Marques, akakamatwa alipojaribu kutoroka mara ya kwanza, na hatimaye akafika Dar es Salaam mwaka 1965. Alifanya kazi katika Taasisi kama msaidizi wa Janet Mondlane. Alipopata nafasi ya kwenda kusoma Uswisi aliikataa, na mwaka 1967 alikuwa miongoni mwa wanawake wa mwanzo waliopata mafunzo ya kijeshi katika kambi ya FRELIMO ya Nachingwea, kusini mwa Tanzania, katika kikosi cha wanawake cha FRELIMO. Baadaye aliongoza kazi ya kutunza watoto walioachwa yatima na vita, akaolewa mwaka 1969 na Samora Machel, kamanda wa jeshi la FRELIMO aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Msumbiji, na akafariki Dar es Salaam Aprili 7, 1971 akiwa na miaka 25. Tarehe hiyo ndiyo Siku ya Wanawake nchini Msumbiji. Uamuzi wake ulikuwa mkubwa kwa sababu mlango wa pili ulikuwa wazi mbele yake. Haifai kuutumia kuwahukumu wenzake waliochagua kupita mlango huo.

Swali hilohilo lilikuwa likiwaka kwa wenyeji pia. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa Julai 10, 1963, na mwaka 1966 serikali ilitangaza kwamba wahitimu wa vyuo na sekondari za juu watalitumikia kwa lazima: miezi kadhaa kambini, kisha mwaka mmoja na nusu kazini kwa asilimia 40 ya mshahara. Oktoba 22, 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu, kilichokuwa kimehamia kwenye mlima wa Observation upande wa Kinondoni miaka miwili tu iliyotangulia, waliandamana pamoja na wenzao wa vyuo vingine hadi Ikulu kupinga masharti hayo. Rais Julius Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na akawarudisha makwao. Karibu wanafunzi 400 walifukuzwa. Miezi michache baadaye yalifuata Azimio la Arusha na sera ya Elimu ya Kujitegemea. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kurasini aliyesoma magazeti mwaka 1966 na 1967 aliona taifa lililompokea likimwambia msomi wake neno lilelile ambalo FRELIMO ilimwambia yeye. Tofauti ni kwamba Mtanzania aliyefukuzwa alikuwa na kwao pa kurudi.

Mwaka 1967 alifika Dar es Salaam padri Mkatoliki kutoka katikati ya Msumbiji, Mateus Gwenjere. Alikuwa amewasaidia vijana wengi kutoroka ili waende kusoma, na kwa sababu hiyo walimwamini. Akiwa Kurasini aliyapa malalamiko yao sauti moja. Wanafunzi walitaka kufundishwa kwa Kiingereza, lugha ya vyuo vya Afrika Mashariki na Marekani, badala ya Kireno. Walitaka walimu weupe waondolewe. Walitaka wanaomaliza wapelekwe vyuoni. Na chini ya hayo palikuwa na jeraha la kimkoa: walioonekana kupata nafasi na vyeo ni watu wa kusini, huku wanaokufa vitani wengi wao wakiwa wa kaskazini, ambako mapigano yalikuwa yakiendelea. Uongozi ulijibu kwamba Kireno ndiyo lugha pekee iliyowaunganisha watu wa makabila yote ya Msumbiji, na kwamba kukabidhi elimu kwa tabaka dogo la wasomi wasiotaka kurudi ni kujenga upya ukoloni kwa mikono ya watu weusi. Kila upande ulikuwa na hoja yenye uzito, na kila upande ulianza kumwita mwenzake msaliti.

Uvumilivu ulikwisha Machi 1968. Usiku wa Machi 5 makada wa FRELIMO walifika kwenye mabweni ya Kurasini, ukazuka ugomvi wa mapigano, na polisi wa Tanzania wakalazimika kuingilia kati. Shule ikafungwa. Wanafunzi walitawanyika: baadhi walipelekwa kwenye kambi za wakimbizi, baadhi walielekea Nairobi, ambako wengi wao waliishi kama wakimbizi wakitafuta shule na kazi. Mei mwaka huohuo ofisi ya chama Mtaa wa Nkrumah ilivamiwa na kundi la Wamsumbiji wenye hasira, na kada mmoja akafa kutokana na majeraha. Mwezi huohuo serikali ya Tanzania iliwaamuru Martins, Ganhão na Veloso waondoke nchini. Dai moja la wanafunzi likawa limetimizwa, wakati wao wenyewe hawakuwa tena na darasa la kufundishwa.

Mkutano mkuu wa pili wa FRELIMO ulifanyika Julai 1968 huko Matchedje, Niassa, ndani ya ardhi iliyokombolewa, na ulimrudisha Mondlane kuwa rais. Hakudumu. Februari 3, 1969, katika nyumba iliyo karibu na ufukwe wa Oyster Bay, alifungua kifurushi cha kitabu kilichotegwa bomu, akafa papo hapo. Alizikwa katika makaburi ya Kinondoni, Nyerere akiwa miongoni mwa waombolezaji, na Josina Machel akazikwa Kinondoni pia miaka miwili baadaye. Mabaki ya Mondlane yalihamishiwa Maputo mwaka 1979.

Maandishi ya ushindi yaliyotolewa baadaye na chama yaliwaelezea wanafunzi wa mwaka 1968 kama vijana wabinafsi waliopotoshwa na padri mpinga mapinduzi. Wapinzani wa chama nao wamewapamba kuwa mashahidi wa demokrasia. Picha zote mbili zinawapunja. Wengi wao walikuwa na umri wa kati ya miaka 16 na 22, mbali na wazazi, katika mji ambao hawakuujua, na walikuwa wakidai kitu ambacho katika nchi yoyote yenye amani kijana hakidai, kwa kuwa hupewa kama jambo la kawaida: amalize masomo yake na aendelee. Vita viliwafanya waonekane wanaomba anasa. Uongozi kwa upande wake ulikuwa na maiti za wakulima wa Cabo Delgado mbele ya macho yake, na haukuweza kuwaeleza wajane kwa nini waliosoma wanapanda ndege. Hapo palihitajika muda na mazungumzo marefu, lakini mwaka 1968 muda haukuwapo.

Mwaka 1970 FRELIMO ilifungua sekondari upya, safari hii Bagamoyo, mbali na vishawishi vya mji mkuu. Mambo yaliyokuwa yakibishaniwa Kurasini yaliwekwa wazi tangu siku ya kwanza. Wanafunzi walilima, walipata mafunzo ya kijeshi, walisoma kwa Kireno, na walijua kwamba wakati wowote wanaweza kupelekwa ndani ya nchi kufundisha wengine. Aliyeingia hapo hakuweza kusema amedanganywa. Mwaka 1973 alifika kufundisha Graça Simbine, ambaye baadaye aliolewa na Samora Machel. Elimu ya msingi iliendelea Tunduru na katika maeneo yaliyokombolewa.

Tanzania nayo ilikuwa ikielekea kwenye kanuni inayofanana na hiyo. Novemba 1974 chama tawala cha TANU kilipitisha Azimio la Musoma, lililomtaka kila anayemaliza kidato cha sita akae mwaka mmoja Jeshi la Kujenga Taifa, kisha afanye kazi kwa miaka isiyopungua miwili, na ndipo aombe kuingia Chuo Kikuu kwa kupendekezwa na mwajiri wake na tawi la chama. Masharti hayo yalilegezwa baada ya muda, kwanza kwa wasichana, ila yalidumu vya kutosha kugusa maisha ya kizazi kizima. Vita vya Kagera vilipozuka Oktoba 1978, vijana wengi waliotoka sekondari walikuwa wamekwisha pitia kambi za Ruvu, Mafinga, Makutupora au Mgulani, na gwaride halikuwa jambo geni kwao. Walichosimulia baadaye kuhusu kuchelewa kuingia chuo, kuhusu wenzao waliopelekwa mstari wa mbele, na kuhusu hofu na fahari iliyochanganyika, kingeeleweka vizuri katika mabweni ya Kurasini miaka kumi kabla.

Mapinduzi ya Lisbon ya Aprili 25, 1974 yalikatisha vita. Mkataba ulitiwa saini Lusaka Septemba 7, 1974 na Msumbiji ikawa huru Juni 25, 1975. Wareno wengi mno waliondoka kwa mkupuo, wakiacha shule bila walimu, hospitali bila waganga na ofisi bila makarani. Vijana wa Bagamoyo, na wale wa Kurasini waliobaki na chama, waliingia katika nafasi hizo wakiwa na umri ambao nchi nyingine humpa mtu kazi ya kubeba mafaili. Graça Machel alikuwa waziri wa kwanza wa elimu, akiwa hajafikisha miaka 30. Veloso, Martins na Ganhão walirudi pia: Martins akawa waziri wa afya, Ganhão mkuu wa Chuo Kikuu cha Eduardo Mondlane mjini Maputo, na Veloso akashika nyadhifa za juu katika usalama na uwaziri.

Waliokuwa upande wa pili hawakuwa na marejeo hayo. Uria Simango, makamu wa rais wa chama aliyefukuzwa baada ya kuukosoa uongozi hadharani mwaka 1969, na Padri Gwenjere walikuwa miongoni mwa wafungwa waliowekwa mbele ya hadhara Nachingwea mwaka 1975, kabla tu ya uhuru. Walipelekwa kuzuiliwa kaskazini mwa Msumbiji na wakauawa huko, bila kesi mahakamani. Wanafunzi waliokimbilia Kenya walijenga maisha huko au wakahamia Ulaya na Marekani. Baadhi walimaliza vyuo walivyovitamani, na baadhi walijiunga na vyama vya upinzani.

Shule za uhamishoni ziliendelea kuzaa viongozi kwa muda mrefu. Filipe Nyusi, aliyezaliwa Mueda mwaka 1959 na kuvushwa Ruvuma akiwa mtoto, alisoma shule ya msingi ya FRELIMO Tunduru na sekondari Mariri, Cabo Delgado, akawa Rais wa Msumbiji kuanzia Januari 2015 hadi Januari 2025.